Meno ya Kahawia, Dawa Nyeupe na Haraka ya Harusi

Ndugu msikilizaji, Jumapili moja ya mwaka jana simu yangu iliita alfajiri. Aliyepiga alikuwa binti wa kaka yangu, ambaye tulikuwa tumemwoza jana yake. Bibi harusi kumpigia baba yake mdogo alfajiri ya siku ya pili si jambo la kawaida, nami moyo ulinienda mbio.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema, ila jino limebanduka."

Nikadhani kaanguka bafuni. Kumbe sivyo. Kilichobanduka ni kile kizibo cheupe alichowekewa kwenye jino la mbele siku ya Alhamisi. Kilitoka chenyewe usiku, mdomoni, akakitema mkononi kama punje ya mchele.

Sasa, ili uelewe kwa nini jambo hili lilimtoa machozi, lazima nikueleze alikozaliwa. Binti huyu ni mzaliwa wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, kwenye barabara iendayo Moshi ukitoka Arusha. Jina la mahali limetokana na rangi ya maji yake. Maji yale yanatoka kwenye udongo na miamba ya volkano, nayo yamebeba madini ya floraidi kwa wingi. Mtoto anayeyanywa tangu utotoni huota meno ya ukubwani yenye mabaka meupe kama chaki, kisha ya manjano, kisha ya kahawia. Yakizidi sana, gamba la jino hutoboka vishimo na kumeguka. Mtu anayehamia kule akiwa mtu mzima hapati doa hilo hata akiyanywa miaka 20, kwa sababu gamba la jino hutengenezwa utotoni, na kufikia umri wa miaka 8 hivi kazi hiyo kwa meno mengi imekwisha.

Wenye meno hayo wakifika Dar es Salaam hukutana na macho ya watu. Wanadhaniwa hawapigi mswaki. Wengine wanadhaniwa wavuta sigara wa kutupwa. Binti yetu alijifunza kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, na kazini kwake, ambako anapokea wageni, aliwahi kuambiwa na mkubwa wake "ajitahidi usafi". Kwa hiyo harusi ilipokaribia alichanga fedha zake mwenyewe. Jumanne akang'arishwa meno. Alhamisi ya juma hilo hilo akazibwa jino moja la mbele lililokuwa limemeguka pembeni. Jumamosi akapendeza, na picha zipo. Jumapili ndiyo hiyo simu.

Huko alikotibiwa walimwambia atakuwa ametafuna mfupa. Yeye akaapa kuwa usiku ule hakula kitu kigumu kuliko keki. Nikamtafuta rafiki yangu mmoja, mganga wa meno mstaafu, nikamsimulia. Hakuuliza habari za mfupa wala za keki. Aliuliza swali moja tu: "Kati ya kung'arisha na kuziba zilipita siku ngapi?" Nikamjibu mbili. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi hapo hapo."

Hilo "hapo hapo" lina historia ndefu, na kwa sehemu inaanzia kwenye maji kama yale yale ya kwao binti yetu, ingawa ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1901 daktari kijana wa meno aitwaye Frederick McKay, aliyekuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Akashangaa kukuta wenyeji wengi waliozaliwa pale wana meno yenye mabaka ya kahawia. Wenyewe walikuwa wameshayazoea, wakiyaita tu doa la Colorado. McKay hakuridhika. Mwaka 1909 alifanikiwa kumleta G. V. Black wa Chicago, ambaye wakati ule alikuwa ndiye mkubwa wa taaluma ya meno nchini humo. Black alikuja, akatazama, akastaajabu kwamba kitu kilichoenea kiasi hicho hakikuwa kimeandikwa katika vitabu vyao. Wakafanya kazi pamoja mpaka Black alipofariki mwaka 1915. McKay aliendelea, akashuku maji. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill, mwajiriwa wa kampuni ya alumini iitwayo Alcoa, alipima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, ambako watoto walikuwa na meno ya namna hiyo. Tukumbuke kuwa kampuni ile ilikuwa na sababu zake: baadhi ya watu walikuwa wakinong'ona kuwa sufuria za alumini zinadhuru afya, na Churchill hakutaka doa hilo nalo libandikwe kwenye alumini. Akakuta floraidi. McKay akapeleka sampuli za sehemu nyingine zenye doa, jibu likawa lile lile. Miaka 30 ya udadisi wa mtu mmoja ikawa imepata jawabu.

Kwetu jawabu hilo halikuleta maji mengine. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Tanzania katika miaka ya 1970 ililazimika kuruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, si kwa kutojua, bali kwa sababu vijiji vingine vingebaki bila kisima hata kimoja. Kiwango hicho kilikuja kushushwa baadaye. Lakini aliyekunywa utotoni kashakunywa.

Kujua chanzo cha doa ni jambo moja, kuliondoa ni jambo jingine. Dawa iliyokuja kutumika ilikuwa imegunduliwa zamani sana. Mfaransa Louis Jacques Thénard aliitengeneza mwaka 1818, akaiita maji yenye oksijeni. Sisi tunaifahamu hospitalini kwa jina la haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu ikimwagwa kwenye kidonda. Povu lile ni oksijeni inayotoka. Oksijeni hiyo ikipenya ndani ya jino huvunjavunja vitu vyenye rangi, na jino likaonekana jeupe. Mwaka 1937 daktari mmoja wa Marekani aitwaye Ames aliandika jinsi ya kuondoa doa la floraidi kwa kuchanganya peroksaidi kali na etha, kisha kupasha moto jino. Hebu fikiria mgonjwa aliyekaa kwenye kiti kile akichomwa moto taratibu kwa ajili ya tabasamu! Si ajabu kwamba kazi hiyo haikuwa na wateja wengi.

Kilichofungua mlango ni bahati. Mwaka 1968 huko Fort Smith, Arkansas, daktari wa kunyoosha meno aitwaye Bill Klusmier alimpa mgonjwa wake dawa ya kutuliza fizi, yenye kabamaidi peroksaidi asilimia 10, aiweke ndani ya kile kifaa cha plastiki anachovaa mdomoni usiku. Fizi zikapona. Lakini daktari akaona na meno yamekuwa meupe. Habari ikatembea kwa mdomo, daktari kwa daktari, kwa miaka 20. Mwaka 1989 Van Haywood na Harald Heymann wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliiandika njia hiyo rasmi katika jarida. Viwanda vilikuwa vikisubiri kitu kama hicho. Katika miaka ya 1990 kung'arisha meno kukawa biashara ya dunia nzima, na hatimaye ikatufikia na sisi, kwanza kwa wenye nazo, kisha kwa kila anayetaka kuonekana nadhifu siku ya shughuli.

Naomba msikilizaji uushike mwaka huo wa 1989, tutaurudia.

Sasa tugeukie kizibo. Yule Black aliyekwenda kutazama madoa ya Colorado ndiye huyo huyo aliyeweka kanuni za kuchonga jino lililooza ili lizibwe. Wakati wake dawa ya kuzibia, yaani mchanganyiko wa zebaki na fedha, haikushikamana na jino kabisa. Ilikaa kwa sababu ilifungiwa. Shimo lilichongwa kama mtungi, mdomo mwembamba na tumbo pana, ili kilichoingia kisitoke. Ubaya wake ni kwamba ili upate umbo la mtungi ulilazimika kukata na sehemu ya jino iliyo nzima. Na jino la mbele lililomeguka pembeni, kama la binti yetu, halina tumbo wala mdomo. Utaufungia wapi mtungi?

Aliyeleta njia nyingine alikuwa Michael Buonocore, mtafiti katika zahanati ya meno ya Eastman, mjini Rochester, jimbo la New York. Yeye alijua kwamba viwandani, kabla ya kupaka chuma rangi, hukiosha kwa asidi ya fosforiki ili rangi ishike. Jambo hili halihitaji chuo kikuu. Nenda Gerezani ukamtazame fundi wa kupiga rangi magari. Hapaki rangi juu ya bati linalong'aa. Kwanza analipiga msasa mpaka liwe na mikwaruzo, kwa sababu rangi hushika penye mikwaruzo. Buonocore akajiuliza kwa nini jino lisitendewe hivyo. Mwaka 1955 alitoa matokeo yake: alipaka asidi ya fosforiki ya asilimia 85 juu ya gamba la jino kwa nusu dakika, akaosha, akakausha, na plastiki aliyoiweka juu yake ikashika kwa muda mrefu zaidi kuliko kwenye jino ambalo halikupakwa. Asidi ilikuwa imekula gamba kidogo na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na plastiki ikaota mizizi humo.

Wenzake hawakumkimbilia. Madaktari wengi waliogopa asidi kinywani, na ilipita zaidi ya miaka kumi kabla njia yake haijazoeleka. Katika muda huo Rafael Bowen, wa idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo, alipata hataza mwaka 1962 ya aina mpya ya rezini, yaani utomvu wa kiwandani, uliochanganywa na unga laini wa kioo ili uwe mgumu na ufanane na jino. Asidi ya Buonocore na rezini ya Bowen vilipokutana, ndipo kikapatikana kizibo cheupe tunachokijua leo, kile kinachogandishwa kwa taa ya buluu. Na tangu mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaozitaka nchi zipunguze matumizi ya zebaki, kizibo hicho kimezidi kutafutwa.

Hivyo kulikuwa na kazi mbili, kung'arisha na kugandisha, kila moja na njia yake. Zilikutana kwenye kiti kimoja kwa sababu rahisi: dawa ya kung'arisha haibadili rangi ya kizibo. Mtu aking'arisha meno, vizibo vyake vya zamani hubaki na rangi ile ile, vikaonekana kama viraka vya kitambaa kingine. Lazima vitolewe na kuwekwa vipya. Au, kama kwa binti yetu, jino lililomeguka linasubiri lipate kwanza rangi mpya ndipo lizibwe kwa rangi inayolingana. Kung'arisha kwanza, kuziba baadaye. Mpangilio huo ni sahihi kabisa. Ni ule muda wa katikati ndio uliosahauliwa.

Katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, Keith Titley, Calvin Torneck na wenzao waliamua kupima jambo ambalo wengine hawakufikiria kuliuliza. Walichukua meno ya ng'ombe, wakayaloweka katika haidrojeni peroksaidi kali, wakabandika rezini juu yake, kisha wakaisukuma kwa mashine mpaka ikatoka. Wakafanya vivyo hivyo kwa meno ambayo hayakulowekwa. Rezini kwenye meno yaliyolowekwa ilibanduka kwa nguvu ndogo zaidi kwa mbali. Na walipotazama kwa hadubini kali, ile mizizi ya rezini iliyotakiwa kuingia kwenye vitundu ilikuwa mifupi, imekatikakatika, na mahali pengine haikuwepo kabisa.

Sababu yake ni hiyo hiyo oksijeni. Rezini ikiwa laini ni chembe ndogo ndogo zisizohesabika, kila moja peke yake. Taa inapomulika, chembe moja huinyoshea mkono ya pili, ya pili ikaishika ya tatu, mpaka zote zikawa mnyororo mmoja mgumu, kama watoto wa shule wanaoshikana mikono wakavuka barabara. Oksijeni ina tabia ya kujipenyeza na kuudaka ule mkono ulionyoshwa. Ikishaudaka, mnyororo unakatikia hapo. Waganga wa meno wanaijua tabia hiyo kila siku: uso wa juu wa rezini unaogusana na hewa hubaki unanatanata hata baada ya kumulikwa. Basi jino lililotoka kung'arishwa limebeba masalia ya peroksaidi na oksijeni ndani ya gamba lake na chini zaidi. Ukibandika rezini juu yake, hewa ile inatokea upande wa chini, pale pale panapotakiwa kushika. Kwa nje kizibo kinang'aa na ni kigumu. Kwa ndani hakijaganda vizuri.

Utafiti huo wa Toronto ulianza kuchapishwa mwaka 1988. Ndugu msikilizaji, uliushika ule mwaka niliokuomba? Haywood na Heymann walichapisha njia yao mwaka 1989. Onyo lilitangulia biashara kwa mwaka mmoja! Lakini onyo lilibaki katika majarida ambayo husomwa na walimu wa vyuo, ilhali biashara ilipanda ndege na matangazo yake. Kila mtu aliuziwa weupe. Sehemu ya pili ya maelezo haikufungwa kwenye boksi.

Nayo dawa ya tatizo hili haina gharama hata senti moja. Ni kungoja. Katika miaka ya 1990 majaribio yalirudiwa mara nyingi, na yakaonyesha kwamba oksijeni hutoka yenyewe taratibu, na jino likarudia uwezo wake wa kushika rezini. Wengine walisema juma moja latosha, wengine wakasema mpaka matatu, kutegemea ukali wa dawa na urefu wa muda iliokaa. Madaktari wengi wameshika kawaida ya majuma mawili. Muda huo una faida nyingine: jino likitoka kung'arishwa huwa jeupe kupita kiasi, kisha rangi yake hushuka kidogo na kutulia. Anayezibwa kabla ya hapo analinganishiwa na rangi ambayo haitakuwepo mwezi ujao.

Wapo waliotafuta njia ya mkato. Mwaka 2002 kundi la watafiti, wakiwamo wa Hong Kong, lilionyesha kwamba ukipaka chumvi ya vitamini C juu ya jino lililong'arishwa, ile nguvu ya kushika inarudi siku hiyo hiyo, kwa kuwa vitamini hiyo huikamata oksijeni. Ni jambo la kupendeza, na bado linaendelea kuchunguzwa. Asije mtu akasikia vitamini C akakimbilia kusugua meno kwa ndimu! Ndimu ni asidi, nayo hula gamba la jino. Kadhalika mkaa, ambao baadhi ya ndugu zetu wenye meno ya floraidi huutumia kwa uchungu tu, haufiki lilipo doa. Unakwangua juu.

Nchi nyingine zimeamua kuingiza sheria. Umoja wa Ulaya kwa agizo la mwaka 2011 uliweka kwamba dawa ya kung'arisha yenye peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 iuzwe kwa madaktari wa meno tu, na kila awamu ya matibabu ianzie mikononi mwao. Asiyefikisha miaka 18 haruhusiwi. Sisemi tunakili kila kitu cha Ulaya. Nasema tu kwamba kule dawa hiyo imetambuliwa kuwa kazi ya mganga, wakati hapa mjini mtu anaweza kung'arishwa meno katika chumba kile kile anachosukiwa nywele, na anayemng'arisha hatamuuliza kama ana jino la kuzibwa, kwa sababu hajui kwamba swali hilo lipo.

Ila huko alikokwenda binti yetu hakukuwa saluni. Palikuwa na kiti, taa na koti jeupe. Ndiyo maana nilimuuliza yule rafiki yangu mstaafu kama waliomhudumia hawakujua. Akafikiri, akanijibu kwamba huenda walijua, ila bibi harusi mwenye fedha mkononi na harusi Jumamosi ni mtu mgumu kumwambia arudi baada ya majuma mawili. Atakwenda kwa jirani. Nikakumbuka kwamba hata sisi wazee tuliokaa kwenye kamati ya harusi tulijadili ukumbi miezi minne, vinywaji miezi mitatu, na meno ya bibi harusi hayakuwa kwenye ajenda yoyote. Angekuja kuniuliza mapema ningemwambia nini? Ningemwambia hongera.

Binti yetu alikaa majuma matatu na jino lake lenye pengo, akicheka tena kwa kufunika mdomo, na mumewe akimtoa kiganja. Kisha alikwenda kwa mganga mwingine. Huyo alimuuliza tarehe aliyong'arishwa, akahesabu kwa vidole, akampaka asidi kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa maelezo kwamba gamba lililokomazwa na floraidi haliliki upesi, ndipo akamziba. Kizibo kipo mpaka leo. Fedha za kile cha kwanza hakurudishiwa. Risiti yake anayo, imeandikwa "Alhamisi", na chini yake mtu ameongeza kwa kalamu: mgonjwa asitafune mifupa.